Zamu ya Senge Kulimiwa

Sheria nilijifundishia duka la kinyozi, Kitale, mashine ya kunyolea ikiwa mkononi. Rafiki yangu tuliyekuwa tunaishi naye chumba kimoja alikuwa anasomea biashara koleji, na kabla ya mtihani alinipatia makaratasi yake ya sheria nimuulize maswali. Yeye alisahau, mimi nikashika. Ofa ni nini, kukubali ni nini, na ile ya tatu niliyoipenda zaidi: kila upande utoe kitu. Ukiniahidi bure tu, hayo ni maneno. Ukiniahidi na mimi pia nitoe changu, umefungwa.

Nilisumbua wateja, bana. Mtu anaketi, namwambia, "Unajua hapo tumeingia mkataba?"

"Nyoa kichwa, wakili. Mdomo utanyoa baadaye."

Walinicheka hivyo hadi senge aliponipigia simu kutoka Kabuchai. Senge ni dada ya baba, na ndiye alinilea mama alipoenda. Mtu akimgusa, mimi nawaka.

Huko kwetu, mwenye dume mmoja wa ng'ombe hawezi kulima, maana plau inavutwa na wawili. Kwa hivyo unatafuta jirani mwenye dume wake, mnawafunga nira moja, mnalima kwake halafu kwako. Kila mtu anajua hivyo tangu utotoni. Jirani mwenyewe ndiye alikuja kwa senge, wakaanza na shamba la huyo jirani, likaisha lote. Asubuhi ya zamu ya senge, jirani hakutokea. Dume wake alikuwa amefungwa nira kwa shemeji yake, na mvua ya kupandia ilikuwa imeshakaribia. Mahindi ya senge yasipoingia udongoni wakati huo, mwaka mzima umekwenda.

Kesho yake nilikuwa kwa ofisi ya naibu wa chifu, siku ya kusikiza kesi. Senge kando yangu, jirani mbele yetu amekunja miguu kama mtu ako kwake. Sikungoja hata salamu.

"Huyu ni mwizi."

Naibu wa chifu akaweka kalamu chini. "Kama ni wizi, hii si kesi yangu. Nendeni polisi. Mtangoja huko."

Jirani akatabasamu. Senge akanivuta shati. "Kijana, mvua haingoji polisi."

Hapo nikakumbuka yale makaratasi. Wizi ni jinai, kesi yake inapelekwa na serikali. Hii yetu ilikuwa madai: mtu na mtu, na ahadi iliyovunjwa. Nikameza hasira.

"Samahani mzee. Hakuiba. Amevunja mkataba."

"Mkataba gani?" jirani akauliza. "Kalatasi iko wapi? Nani alitia sahihi?"

"Wacha nikuulize tu. Nani alienda kwa mwenzake kwanza?"

"Ni mimi."

"Ukamwambia nini?"

"Tufunge ng'ombe pamoja. Tuanze kwangu, tumalizie kwake."

"Hiyo ni ofa. Yeye akasema?"

"Akasema sawa."

"Amekubali. Na dume wa senge alilima wapi?"

Akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Watu waliokuwa wanangoja kesi zao mlangoni wakaanza kukohoa kohoa.

"Jibu," naibu wa chifu akamwambia.

"Kwangu."

"Basi senge ametoa chake," nikasema. "Umekula jasho ya dume wake. Sasa wewe ndio umefungwa, si ng'ombe."

"Lakini bila kalatasi..."

Mama mmoja mlangoni akamkata. "Tangu lini ng'ombe wakatia sahihi hapa? Hata baba yako alilimiwa bila karatasi."

Ofisi yote ikacheka, naibu wa chifu naye akicheka. Alipomaliza, akageukia jirani. "Kesho alfajiri dume awe kwa mama huyu. Shemeji yako atangoja. Na plau utashika wewe."

Akaja. Giza ikiwa bado haijaisha vizuri, nilimsikia langoni akiita dume wake, kisha akamsalimia senge, "Mulembe, mama," kwa sauti ndogo. Mimi nilitangulia mbele nikiongoza madume, yeye nyuma akisukuma plau, na senge akifuata na mbegu, akifunika kwa mguu. Majirani walisimama kando ya miwa wakiniita wakili. Nilijibu kila mmoja, mbona nisijibu?

Mvua ilianguka tukiwa tumebakisha mistari michache. Hatukusimama. Tulimaliza tukiwa tumelowa hadi mifupa, mbegu yote iko ndani, na senge alikuwa anacheka peke yake katikati ya shamba kama msichana.

Kisha akamwita jirani, aliyekuwa anafungua nira.

"Mwaka ujao tunafunga tena. Lakini tunaanza kwangu. Hiyo ni ofa."

Jirani akaniangalia, akaangalia dume wake, akapangusa maji usoni.

"Nakubali, mama."