Mke Wangu Akinisomea Hatimkato

Mhariri alisema waziwazi: tarishi kama mimi akitaka kuwa mwandishi wa habari, kwanza apasi mtihani wa hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno ya msemaji. Hakunidanganya. Nikajiandikisha masomo ya posta, maana chuo cha mchana kilitaka watu waliosoma kunizidi.

Sasa hatimkato hujifunzi peke yako. Lazima mtu akusomee kwa sauti, mkono wako umfukuze. Katika chumba chetu cha kanju, yaani cha baraza la jiji, pale Makadara, msomaji alikuwa mke wangu. Kila jioni alitoka soko la Gikomba kuuza mboga, akapika, akafuta mikono, ndipo akachukua gazeti na kunisomea hotuba za bungeni.

Jirani yetu, mtu wa reli, alisikia yote kupitia ukutani.

"Mheshimiwa! Waulize barabara yetu imefikia wapi!"

"Kaa chini, spika hajakuona!" mke wangu akamjibu.

Tulicheka, na sikuacha hata neno. Kazi nilizotuma zilirudi na alama nzuri. Nikaanza kujiona mtu.

Siku ya mtihani alisoma bwana mmoja wa tai. Sentensi ya kwanza niliishika, ya pili nikaambulia mkia, baada ya hapo nilisikia mvumo tu. Lazima niseme kweli, hakusoma mbio kupita kiasi. Msichana aliyekaa mbele yangu aliandika bila hata kukaza mabega.

Nilipofika nyumbani nilisema, "Yule alisoma kama anakimbizwa."

Mke wangu akaweka sufuria chini. "Baba watoto, mimi nilikuwa nakungoja. Nikiona mkono umebaki nyuma, nakohoa, au najifanya maandishi hayaonekani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Sijui kama nilikuwa na haki ya kukasirika. Kijitabu cha masomo kilishauri mwanafunzi abadilishe wasomaji. Nilidhani hayo ni ya watu wenye nafasi. Nilikasirika hata hivyo, nikawa nakula nimempa mgongo. Yule msichana akaajiriwa pale gazetini kwetu, na alifaa. Mimi ndiye niliyetumwa kumbebea meza.

Baadaye mke wangu alisema tujaribu tena, safari hii hatanionea huruma. Akasoma mbio kweli, macho hayatoki gazetini. Kabla ya aya ya pili niliweka penseli chini. Nadhani aliisikia. Hakuniangalia, aliendelea kusoma mpaka hotuba ikaisha.