Kombe Ninalotakiwa Kulikana

Nilipokuwa mtoto, hapa Rumonge akili ilikuwa kitu cha kunywa. Kabla ya concours, mtihani wa kumaliza darasa la sita, Waislamu wa mtaa wetu walipeleka watoto kwa Mwalimu Zuhura. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, mtoto akanywa. Ndilo kombe. Sisi Wakristo, wazazi wetu wamerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, tulikuwa na mafuta ya upako. Mama alinipaka mpaka nikang'aa kama ndagala iliyokaangwa kwa mawese.

Mafuta au la, nilikuwa nimeshaanguka concours mara moja. Nikianguka tena, shule basi. Nikajipenyeza kwa Mwalimu Zuhura.

"Mama yako anajua?"

"Oya, hajui, Mwalimu."

"Na hapa kwenye sahani nimeandika nini?"

"Sijui."

"Sasa unataka kunywa kitu hujui? Weye uko mutoto ao uko mbuzi?"

Wasichana wa chuo chake cha Kurani wakaangua kicheko. Akasema sahani haioshwi mpaka niisome. Wiki tatu, kila nikitoka shule: alifu, be, te. Nikikosea ananiuliza, "Kwa nini umesoma hivyo?" Kwa nini! Shuleni hawakuniuliza hilo hata siku moja. Nilichapwa tu, nikakariri Kifaransa kama kasuku. Siku niliyoisoma aya yote, na maana yake nikaieleza, akaiosha sahani. Nikanywa. Lilikuwa chungu kidogo.

Nikapita. Mama akatoa ushuhuda wa mafuta kanisani. Directeur wa shule akaisifu fimbo yake.

Leo nina licence ya chuo kikuu, imelala ndani ya plastiki mwaka wa nne. Nimepeleka dossier ya kuomba kazi kila ofisi kuanzia hapa mpaka Bujumbura. Wanauliza, "Uko mutoto wa nani?" Bon. Juzi, kwa kuchoka, nikamwambia Mama habari ya kombe.

"Imana yanje!" akashika kichwa. "Ndiyo maana kazi inakukimbia! Jumapili utasimama mbele ya watu, ulikane."

Ehe! Nikishinda ni mafuta, nikikosa ni kombe. Na wale wa ofisini walionifungia milango, hao hawajanywa kitu?

Jumapili nitakwenda, maana ni mama yangu na Mungu ni wangu pia. Lakini sitasimama. Sijui kama zafarani iliingia kichwani. Nadhani ilipita tumboni kama maji mengine. Ila katika shule zote na ofisi zote hizo, ni mwanamke mmoja tu aliyetaka kujua ninachokielewa, na akanisubiri wiki tatu nimjibu. Huyo simkani.