Bakuli la Baba Peke Yake

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtengea baba bakuli lake. Nilidhani ugonjwa wake umo ndani ya chungu, basi nikashughulika na chungu tu.

Baba alikuwa amenitembelea Ipogolo, ambako niliuza katika duka la Mhindi. Akiwa kwangu miguu ikamvimba, nikampeleka hospitali ya Tosamaganga. Alipopata nafuu, muuguzi aliniambia nipunguze chumvi na mafuta katika chakula chake kama nataka kuendelea kuwa naye. Niliacha kazi, tukapanda lori kurudi kwetu Uyole. Mama alikwisha fariki. Mke wangu, kwa desturi yetu Wanyakyusa, hakuruhusiwa kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Alipika nyuma ya nyumba, mimi nikapeleka chakula. Sasa nikasema kupika pia nitapika mimi.

Baba alipenda ndizi mbichi zilizopondwa na maharage, zikamiminiwa samli mpaka zing'ae. Jioni za baridi hakutaka kingine. Kupika nilijifunza mwenyewe nilipokuwa nikikaa peke yangu, na mimi ni mtu wa wasiwasi, kitu kisipokaa sawa sipati usingizi. Niliacha samli, nikatia mtindi ulioenguliwa mafuta, kisha kitunguu na limau ili chumvi isikumbukwe sana. Nikaonja, nikamwaga, nikaanza upya.

"Unapika au unatengeneza saa?" mke wangu aliniuliza.

Baba alikuwa na wenzake watatu wa rika lake. Tangu ujanani walikula pamoja jioni, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mikono yote katika sinia moja. Siku ya zamu yetu niliwawekea wageni sinia lenye samli, na mbele ya baba nikaweka bakuli dogo.

"Mbona wewe umetengewa?" aliuliza mmoja wao, yule mrefu aliyechunga ng'ombe na baba utotoni.

"Mwanangu anasema chakula chenu kina chumvi."

"Aa! Kumbe umerudi kuwa mtoto wa kulikizwa ziwa!" Wakacheka, baba naye akacheka. Yule mrefu akanyoosha mkono. "Lete basi nionje uji wako."

Nami nikadakia, "Hapana, mzee. Hicho ni cha mgonjwa."

Mkono ukarudi. Hakuna aliyenigombeza. Walikula wakamaliza, wakashukuru kwa kusema ndaga, wakaondoka. Kwa hofu ya samli ya nyumba nyingine nilimzuia baba pia asiende kula kwao. Baada ya hapo wenzake wakaja mara chache, mwisho wakawa wanasalimia barabarani tu. Baba alianza kula mapema, kabla jua halijazama, akiwa ameelekea ukutani.

Miguu yake ilinywea. Nami nilijisifu moyoni, nasikitika kusema hivyo, hata nikawa naikagua kila asubuhi kama fundi anayekagua kazi yake.

Mke wangu ndiye aliyeniambia. "Mimi baba yako simwoni," alisema huku akimenya ndizi. "Namsikia tu. Zamani nikiwa huku nyuma nilijua wamefika kwenye utani, wamefika kwenye kubishana ng'ombe wa nani alikuwa mkali. Siku hizi simsikii kabisa."

"Lakini anapona."

"Anapona kwa ajili ya nani?"

Nilielewa siku ileile. Dawa yake ilikuwa rahisi: kupika chungu kizima bila samli na kuwaita wazee wote. Lakini sikuwaita. Maharage yalikuwa bado hayajanoga nilivyotaka, na niliogopa wazee watasema mtoto wa fulani anawalisha chakula cha hospitali. Nikasema kwanza nipate ladha. Nikaongeza limau, nikapunguza. Nilikuwa bado napunguza ilipokuja habari kwamba yule mrefu ameamka na homa ya kifua, na kabla ya Jumapili tukamzika.

Baba hakula siku ile. Hakunilaumu, na heri angenilaumu.

Matanga yalipokwisha niliwaita wale wawili waliobaki. Chakula kilikuwa kilekile kisichonoga, sinia moja, baba katikati yao. Mmoja alimeza tonge, akamtazama mwenzake.

"Ndicho hiki tu kilichotufukuza?"

"Chumvi imepungua," nilisema.

"Hata sisi meno yamepungua. Tungekila tangu siku ile, mwanetu. Ungetuambia."

Baba aliendelea kula, akiwa ameacha nafasi ya mtu ubavuni mwake.

Kwetu sasa kunapikwa chungu kimoja. Samli na chumvi hukaa pembeni na anayetaka hujiongezea, ingawa wazee wale wawili hawajawahi kuzigusa. Bado napika kwa wasiwasi, lakini chakula kikiiva nakipeleka kilivyo.