Mkongwe au Kijana

Tulikuwa wanane katika fleti moja ya Al Nahda, kila mmoja na timu yake ya kubuni ya mpira wa Kimarekani, mchezo niliojifunza kwa kusoma takwimu tu. Wachezaji wenyewe walicheza Marekani. Sisi tulihesabu pointi zao. Timu haikuvunjwa msimu ulipoisha. Aliyeondoka Dubai alimwachia yule aliyechukua kitanda chake.

Katikati ya msimu mmoja mkimbiaji wa timu yangu, yule wa kukimbia na mpira, aliumia goti. Kila Jumanne tuligawana wachezaji ambao hawakuwa katika timu ya yeyote kati yetu, wa mkiani akichagua kwanza, na wiki ile wa mkiani nilikuwa mimi. Wa maana walikuwa wawili: mkongwe ambaye angenipa pointi papo hapo, na kijana wa benchi niliyekadiria kwamba angeng'ara baada ya mwaka. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha Januari, na meneja hakuwa amesema lolote.

"Kaka, huyo kijana wamlelea nani?" aliuliza mwenzangu wa Mombasa, ambaye zamu yake ilifuata yangu. "Wewe Januari khalas, wapanda ndege. Chukua mzee, ushinde japo mara moja."

Hoja yake niliiona sawa. Nikamchukua mkongwe. Yeye akamchukua kijana bila kusita.

Nilimaliza wa tatu. Januari mkataba wangu uliongezwa miaka miwili. Mkongwe alistaafu kabla ya msimu mpya, na kwa misimu yote miwili iliyofuata nilipambana na kijana yule, sasa nyota wa timu ya mwenzangu wa Mombasa.