Mng'ongo Usiozaa

Siku niliyokata mng'ongo wa bibi naikumbuka vizuri, mwanangu, maana niliukata kwa kiburi. Shule niliishia darasa la pili, lakini soko lilipokuwa huria niliuza mitumba Lindi mjini mpaka nikaezeka bati hapa Kitomanga. Nikataka na duka mbele ya nyumba.

Hapo mbele palikuwa na ming'ongo miwili aliyoipanda bibi mzaa baba. Jua likikausha kila kitu, hata mihogo ikisinyaa, ile ilisimama. Mmoja ulizaa, tukala wajukuu wote. Wa pili maua tu kila mwaka, tunda hakuna hata moja. Nikaukata huo, bibi akiwa matangani Milola.

Aliporudi nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Alikuwa anakitazama kisiki.

"Umekata dume," akasema. "Huu uliobaki utazaa na nani? Na bati lako?"

"Bibi, ule ulikuwa hauzai."

"Mpapai dume unaujua, mng'ongo huujui! Na wewe umeshazaa? Mbona hatukukukata?"

Nikacheka. Msimu uliofuata sikucheka. Mti ulichanua, ukapukutisha maua, basi. Watoto waliinama na vikapu, wakainuka na vumbi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Mvua zilipokaribia nikaenda Milola kwa baiskeli, nikarudi na tawi la mng'ongo dume la kupanda, nene kama paja. Vijana wa kijiweni wakanipigia kelele: "Tajiri! Kitomanga kuni zimekwisha?" Nikazidi kukanyaga baiskeli.

Bibi akanielekeza: shimo la kufika goti, tawi wima, udongo ushindiliwe. Nikawa naleta ndoo ya maji kila asubuhi, akanizuia. "Utaliozesha. Halitaki ndoo yako, linataka subira yako."

Duka nikalijenga pembeni. Tawi likachipua, likawa mti. Miaka ikapita, bibi akatangulia mbele ya haki, mti haujachanua bado. Ulipochanua, ule wa zamani ukazaa, ng'ongo zikadondoka tena pale mbele. Nikaokota ya kwanza, nikageuka nimpelekee, ndipo nikakumbuka.

Mwanangu, mimi si msomi, nakwambia nilichokiona. Nyumbani kwako panda mti wa kwenu, unaolijua jua la kwenu. Kabla hujashika shoka, muulize aliyepanda. Na ambaye kazi yake huioni, usimwite mvivu. Mungu akupe kivuli, akupe na wasaa wa kuomba radhi angali hai unayemwomba.