Siku Mama Alipokwenda Kunikabidhi Kazini

Kisa hiki sijawahi kuwasimulia uso kwa uso, maana najua mtacheka mpaka mkohoe na mimi nitabaki kuangalia viatu vyangu, kwa hiyo nakiandika, polepole kama kawaida yangu, na mkimaliza kusoma tafadhali msinipigie simu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumetoka Morogoro, mimi nikiwa na elimu ya darasa la saba tu, tunakaa huku ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa inaharibika kila mara, na mama alikuwa anasafisha maofisi mpaka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi ya kwaya. Kule nyumbani mama alikuwa mwimbishaji (akianzisha wimbo, hata watoto waliolala wanaamka). Huku alikuwa anakaa kiti cha nyuma kanisani, kwa sababu asiyefanya mazoezi haimbi. Mimi nikawaza: nikipata kazi ya Jumamosi, yeye ataiacha ya kwake. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka.

Duka moja la vyakula karibu na Don Mills wakaniita nikaonane na meneja. Ningekwenda peke yangu ningenusurika. Lakini niliogopa, na asubuhi ile nikasema, "Mama, nisindikize."

Kwetu, mnajua, mtoto hajipeleki kazini. Anapelekwa na mtu mzima, anaombewa, anakabidhiwa. Mama akavaa kitenge cha Pasaka, akakaanga sambusa akajaza bakuli kubwa. Kwenye lifti tukakutana na jirani yetu Mkenya, Mama Kevin, akanusa, akaambiwa naenda kuomba kazi dukani, akanitazama juu mpaka chini.

"Aki huyu kijana anaenda kuoa ama kupanga mikebe?"

Ningekuwa na akili ningerudi pale pale.

Meneja alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alishangaa kuona tuko wawili, lakini akaongeza kiti, akaniuliza kwa nini naitaka kazi, sauti yangu ikakwama, na mama alipoona mwanawe anazama akajitosa. Kiingereza cha mama kilikuwa cha salamu tu, basi akasema kwa Kiswahili na mimi nikawa mkalimani wa sifa zangu mwenyewe.

"Mwambie hujawahi kuiba."

Nikasema sijawahi kuiba. (Hakuna aliyeuliza.)

"Mwambie nguo zako za ndani unafua mwenyewe."

Hiyo nikaifupisha, mama akanikodolea macho. "Mbona imekuwa fupi? Sema yote!" Nikasema yote.

Ndipo mama akasimama, akaushika mkono wangu, akauweka kwenye mkono wa meneja, akasema kwa heshima zote, "Kuanzia leo huyu ni mwanao. Akikosea, mchape." Kwetu hayo ni maneno ya adabu tu, ya kuonyesha kwamba unamwamini mwenzio, na mimi nilijua hivyo, lakini nilikuwa nimechoka kuambiwa nafupisha, nikatafsiri neno kwa neno: nikikosea unipige, mama ameruhusu.

Meneja hakucheka. Aliweka kalamu mezani taratibu, akamwomba mama kwa ishara asubiri nje. Mama akatoka anatabasamu, akaninong'oneza, "Umepata, baba. Nimemwona usoni."

Mlango ukafungwa.

"Nyumbani uko salama?" meneja akauliza.

Sasa ninyi mnanijua, hata nikiulizwa jina langu nachukua muda. Nilikuwa natafuta Kiingereza cha kuelezea kukabidhiwa, nikainama, na kila nilivyozidi kutafuta ndivyo macho yake yalivyozidi kujaa machozi. (Mama aliwahi kunirushia ndala mara moja, ikampata mgeni.) Nilipoweza kusema niko salama, sauti ilitoka ndogo mno, ningekuwa yeye nisingeamini.

"Kazi tuiache kwanza," akasema. "Wewe ndiye muhimu."

Kupitia kioo nilimwona mama anawagawia wateja sambusa, anawaonyesha kwa kidole nilipo. Mzee mmoja akampigia makofi.

Kwenye basi mama akauliza, "Amesemaje?"

"Watapiga simu."

Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, dirishani, wimbo wa kwaya. "Nitawaambia ofisini Jumamosi siji tena," akasema. Nilikuwa na vituo vyote vile vya kumwambia ukweli, nikavihesabu tu.

Simu kweli ikalia. Mama akaikimbilia, akanipa huku anacheza. Walikuwa watu wa idara ya kulinda watoto; meneja alikuwa amewaarifu. Walikuja na mkalimani wao, wakafungua friji, wakaniuliza peke yangu, hawakuona tatizo, wakaaga vizuri. Mama alijibu kila swali mikono ikiwa magotini, kama mtoto wa shule.

Walipotoka akaniuliza, "Uliwaambia nakupiga?"

"Nilitafsiri tu, mama."

"Na mimi nilikuwa nakukabidhi tu," akasema, akaanza kuosha vikombe vyao.

Jumamosi akavaa koti, akaenda kusafisha.

Kazi nilikuja kupata baadaye sana, ya kuosha vyombo, na nilikwenda peke yangu, sauti ikanikwama mbele ya wageni, wakanisubiri mpaka ikatoka. Nimeapa kwenda hivyo siku zote. Lakini wakati huo kwaya ilikuwa imeshapata mwimbishaji mwingine, dada mmoja mwenye sauti nzuri tu. Akianzisha wimbo, mama kule nyuma hufungua mdomo kidogo, halafu huinama kama anatafuta kitu kwenye mkoba.