Katoni Kumi na Mbili za Dawa ya Pamba

Siku yangu ya kwanza ofisini Bariadi, Mkaguzi Mwandamizi alinikabidhi kalamu ya wino wa kijani, wino wa wakaguzi. "Kosa halifutwi," aliniambia. "Unalipiga mstari mmoja lisomeke, unaandika lililo sawa juu yake, unatia saini. Watu waone ulikosea, waone umerekebisha."

Nilifundisha vijana wengi kanuni hiyo. Naona haya kuandika kwamba niliivunja mimi.

Nilitumwa kukagua chama kimoja cha wakulima wa pamba. Jina lake nalihifadhi. Leja ya ghala, yaani daftari la vinavyoingia na kutoka, ilionyesha katoni arobaini za dawa ya wadudu. Nikahesabu ishirini na nane. Karani wa chama, Masanja, hakubabaika.

"Ngosha," aliniita, Kisukuma cha bwana, "nyingine tumezihamishia kwa chama jirani. Paa letu linavuja. Hati ni hii hapa. Twende ukazione, si mbali."

Basi la mwisho lilikuwa karibu kupita. Nikaipachika hati kwenye jalada, nikaondoka, nikaisahau. Niliandika upungufu wa katoni kumi na mbili.

Ripoti ya ukaguzi husomwa kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanachama. Niliisoma kwa madaha. Wakati huo dawa ilikuwa imeshagawiwa wakulima, na Masanja hakuwa na cha kuonyesha.

"Karatasi nilikupa wewe," alisema.

"Sikumbuki kupewa karatasi," nikajibu, na watu wakaniamini mimi mwenye tai. Aliachishwa kazi palepale.

Miezi minne baadaye nikaikuta hati kwenye jalada langu. Niliipeleka kwa Mkaguzi Mwandamizi, yule yule wa kalamu. Aliisoma mara mbili. "Ripoti imeshasomwa," alisema. "Mwakani weka mstari kwenye marekebisho." Nikauweka, bila jina la mtu. Nilipumua, na pumzi ile ndiyo inayoniumiza zaidi hadi leo.

Nimestaafu. Majuzi nilikwenda Ngulyati, kijijini kwa Masanja, nikamkuta anachambua pamba yake. Nilimweleza yote. Hakunifokea.

"Ulinisoma mbele ya watu," alisema. "Leo unaniambia tuko wawili."

"Unataka nifanye nini?"

"Kasome."

Nikaenda kuomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa chama kile. Mwenyekiti wa sasa ni kijana. Wakati ule alikuwa bado shuleni. Alinipokea kwa heshima, akachukua daftari la ajenda.

"Masanja yupi, mzee? Yule mwizi wa dawa?"

Ninyi mnaoanza kazi hii, neno hilo nililiandika mimi, na limekua na watoto wa watu.

Mkutano ni Jumamosi. Hati nimeshaitoa kwenye jalada. Nilimwuliza Masanja kama atakuja. Alisema atakaa mbele.